Samaki wa Shimo la Matofali

Mwezi uliopita bwana mmoja alisimama mbele ya meza yangu pale sokoni Majengo akiwa na ndoo ya samaki wadogo, wazima, wanazunguka. Mimi nauza dagaa na samaki wakavu. Samaki mzima nimfanyie nini? Lakini ndoo ikishafunguliwa mbele yangu siwezi kuiacha ipite bila kupatana bei, hata kama sinunui. Ni ugonjwa, na hauna dawa.

"Wote magege, dada," akasema, yaani perege. "Mbegu safi kabisa. Unaweka bwawani, unasahau, unakuja kula."

"Wote?"

"Wote. Si unaona wanavyokwenda pamoja?"

Nikapitisha kiganja juu ya ndoo ili kivuli kiwaangukie. Wakajikusanya na kugeuka kwa mpigo mmoja, kama kanga inayokung'utwa. Nikaondoa mkono, nikasubiri. Yeye akaendelea kusifia ndoo yake. Polepole wale samaki wakaanza kuachana: hawa wakashuka chini, wale wakabaki juu wakinyonyanyonya hewa.

"Hesabu tena," nikamwambia. "Halafu uje na bei ya aina mbili."

Akacheka, akidhani nataka kumshusha tu. Kumshusha nilikuwa nataka, sikatai. Lakini wakati anafunika ndoo, ile harufu ikanipiga: maji ya udongo, pumba za mpunga zilizolowa, na kitu kingine kama chuma kilichoota kutu. Sikuendelea na bei. Aliondoka na ndoo yake akiniona mtu wa ajabu, na mimi nikakaa na harufu yangu.

Ilikuwa harufu ya shimo letu.

Tulikaa Ilembo, upande ule ambao nyumba zinaanza kuachiana nafasi na mahindi yanajipenyeza katikati. Baba alikuwa anafyatua matofali. Alitoka kwa watu wa ng'ombe, waliokuja na mifugo yao kutoka kaskazini yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, ila yeye na ng'ombe hawakuelewana. Alisema tofali lina faida moja kubwa: ukiliweka mahali, unalikuta. Udongo aliuchimba nyuma ya nyumba yetu, yeye na mdogo wake, mpaka pakawa na shimo ambalo mtu mzima akisimama ndani unaona kofia tu.

Baba alitumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo ukuta aliouchimba yeye ulikuwa na alama za jembe zilizolalia upande mmoja, na ukuta wa Baba mdogo alama zimelalia upande wa pili. Udongo ule wa mfinyanzi haukusahau kitu. Ukisimama ukingoni ungeweza kusema hapa Baba alikuwa na nguvu, hapa alichoka, hapa aliitwa kula akaacha jembe limekaa.

Alikufa kwa homa, bila maneno mengi. Ndugu zake wakaja kumchukua wakamzika kwao, ng'ambo ya mto, mbali kiasi kwamba Mama aliweza kwenda huko mara chache sana. Mvua zikaendelea kunyesha na shimo likajaa maji. Kwangu mimi mambo hayo mawili yalikaa pamoja: Baba hayupo, shimo lina maji. Sikuyapanga kwa uzito. Nilikuwa nasoma madarasa ya chini na uzito wa mambo nilikuwa naupima kwa sauti za watu wazima. Na Mama hakupaza sauti.

Alichofanya Mama ni kulima bustani kando ya shimo. Mchicha, bamia, nyanya chungu. Kiangazi kilipofika na majirani wananunua mboga zilizonyauka, sisi tulikuwa na kijani. Maji yalishuka kidogo kidogo, na jinsi yalivyoshuka alama za jembe zikaanza kutokeza juu. Mama alikuwa akienda kuchota maji upande wa ukuta wa Baba, ingawa upande huo ulikuwa na mteremko mbaya. Nilimuuliza kwa nini hapiti upande mzuri. Akasema huku maji ni masafi zaidi. Maji yalikuwa ya shimo moja.

Sasa, katika mtaa wa pili mtoto akatumbukia kwenye shimo la matofali kama letu. Walimtoa mzima, mkono umevunjika. Mwenyekiti wa mtaa akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, mwenye viganja vikubwa kama koleo, na alikuwa na tabia ya kusalimia mpaka kuku kabla ya kusema jambo lake.

"Mama Kabula, pole na majukumu," akasema alipomaliza salamu. "Hili shimo lifukiwe."

"Lina kazi, mwenyekiti."

"Kazi gani?"

Mama akaangalia maji, akayaangalia tena. "Ni bwawa la samaki."

"Samaki wako wapi?"

"Wanakuja."

Mwenyekiti akasogea ukingoni, akachungulia, akarudi. Hakuwa mtu mbaya. Mtoto wa watu alikuwa amevunjika mkono, na yeye ndiye aliyeulizwa. "Haya," akasema. "Zungushia miba watoto wasifike. Na hao wanaokuja nitakuja kuwaona. Lisipokuwa na kazi, tunalifukia."

Nilimwamini Mama kabisa. Jioni ile nilikaa kwenye kizingiti nikiangalia barabara, nikisubiri samaki waje.

Hawakuja, tukawafuata. Mama ni mzaliwa wa kijiji cha Mamba, kwa wakulima wa mpunga, na Mjomba, kaka yake, alikuwa na jaruba kubwa karibu na mfereji. Tulifika wakati mvua zimekatika na maji yanatolewa mashambani ili mpunga ukauke. Maji hayo huondoka na samaki wake; wakati wa mafuriko wale wadogo hupanda mpaka kwenye mpunga, wakanenepa humo, halafu maji yakipungua wanajikuta wamebanana mferejini. Watoto wa pale wanajua siku hizo kuliko wanavyojua sikukuu.

Binamu yangu Skola alinipa ncha moja ya kitenge kikuukuu, yeye akashika nyingine. Kazi ilikuwa kutembea mferejini polepole, kitenge kimezama, tuwasukume mpaka pale Mama alipokaa na kikapu.

"Kabula! Usikanyage kama ng'ombe!" Skola alifoka. "Nyie watu wa mjini mnataka hata maji yajue mmefika!"

"Mwache," Mjomba akasema kutoka kwenye tuta, mundu begani. "Baba yake Msukuma. Huyo anaswaga samaki kama ng'ombe, havui."

Alisema, halafu akakumbuka, mundu ukashuka begani. Watu wa Mamba na watu wa ng'ombe wana utani wao, na Baba alipokuwa hai alikuwa akiujibu vizuri. Kisha Mama akacheka. Alicheka akiwa amechuchumaa kwenye tope, kikapu katikati ya magoti, akacheka mpaka akashika tuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. "Swaga, mwanangu," akasema. "Swaga hivyo hivyo."

Nikaswaga. Na mbele ya miguu yangu nikawaona.

Sijui walikuwa wangapi. Walikuwa kama kitu kimoja. Kama kivuli cha wingu kinachopita shambani, ila kina macho. Nikisogeza mguu wa kulia, kivuli kizima kinapinda kushoto. Hakuna aliyemgonga mwenzake. Katika kugeuka wote waling'aa kwa pamoja, tumbo jeupe, halafu wakazimika tena. Nilikuwa nimeona watoto wa shule wakipanga mstari, nilijua inavyochukua fimbo ya mwalimu na kelele za kiranja. Hawa walijipanga bila kelele. Nikaamua papo hapo kwamba ni ndugu wa tumbo moja, maana nani mwingine anaweza kugeuka pamoja namna hiyo? Na nikaamua wana kiranja, yule wa mbele kabisa.

Walipoingia kikapuni nikamuuliza Mjomba ni samaki gani.

"Magege hao," akasema. Aliangalia mara moja, kutoka mbali, chini ya kofia, mawazo yake yakiwa kwenye mpunga.

"Wote?"

"Si wanakwenda pamoja?"

Basi. Tukawa na ndoo mbili za magege. Tulirudi nazo juu ya magunia ya mpunga, kwenye lori la mtu aliyefahamiana na Mjomba. Njia inapita katikati ya hifadhi, na kabla ya Sitalike watu wote wakasimama kuangalia tembo. Mimi na Mama tuliangalia ndoo. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kikombe, kuyainua juu na kuyamwaga tena ndani ya ndoo, ili samaki wapate hewa. Nilibadilisha mkono, nikabadilisha tena, mpaka mikono yote miwili ikaniona mimi ndiye adui. Wachache walielea tumbo juu. Mama aliwatoa, akawafunga kwenye jani; tuliwala kesho yake.

Tulipowamwaga shimoni walikaa kidogo pale pale, wamejibana kama abiria walioteremshwa stendi wasiyoijua. Kisha wakaondoka pamoja kuzunguka ukingo, polepole, wakikagua. Baada ya siku chache walikuwa wamezoea. Nilikuwa nagonga bakuli la bati kwa kijiko, namwaga pumba, na kundi linapanda juu, maji yanachemka midomo midogo.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu, na si shuleni. Samaki wanaotembea hawahesabiki. Ukifika kwa yule wa mwisho, wa kwanza ameshajipitisha tena mbele yako akijifanya mgeni. Nilitumia vidole vya mikono, vikaisha, nikatumia vya miguu, halafu nikaanza kuweka kipande cha tofali kwa kila kichwa. Nikihesabu mara mbili napata majibu mawili. Nilihesabu mara mbili kila siku ili nijue nimekosea kwa kiasi gani.

Na nilimtafuta kiranja. Leo yule wa mbele ni huyu mwenye mkia mwekundu. Wakigeuka, yule aliyekuwa nyuma kabisa ndiye anaongoza, na wote wanamfuata kana kwamba wamempigia kura. Nikaona cheo hicho hakina maana, mtu anapewa kwa sababu tu ya upande wanaoangalia wenzake. Nimekutana na vyeo vya namna hiyo tangu wakati huo.

Niliona na jambo jingine, ila sikulielewa. Maji yakitulia, bila mtu, bila ndege, kundi lilikuwa linalegea. Wengine wenye mistari ya kusimama mbavuni walikwenda kuguguna ukijani kwenye ukuta. Wengine weupe, wenye doa jeusi karibu na mkia, walibaki juu wakicheza. Halafu mdiria akija kutua kwenye miba, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko haki yake, wote wanarudi kuwa kitu kimoja kwa kufumba na kufumbua. Mdiria alikuwa akizama na kutoka na mmoja, na mara nyingi aliyekamatwa ni yule aliyechelewa kujichanganya. Kwangu hilo lilithibitisha kwamba ni ndugu. Nikasema ndugu wakiwa na amani kila mmoja anashika chumba chake. Likija tatizo wanarudi sebuleni.

Mwenyekiti alirudi kama alivyoahidi. Akasalimia kuku, akamsalimia Mama, akaja ukingoni na watu wawili. Mama akanipa ishara, nikagonga bakuli. Hakuna kitu. Nikagonga tena. Maji yalilala kama chai iliyopoa.

"Wamelala?" mmoja wa wale watu akauliza.

"Vivuli vyenu," nikasema. "Mnasimama upande wa jua."

"Kabula, heshima," Mama akasema, lakini Mwenyekiti akawavuta wenzake nyuma, wakachuchumaa wote watatu nyuma ya miba kama watu wanaokwepa kodi. Nikagonga. Wakapanda.

Mwenyekiti aliangalia kwa muda mrefu. Wenzake wakaanza kucheka, na yeye akajizuia, lakini bega lilimcheza. "Mama Kabula," akasema, "hawa ni mboga ya paka."

"Watakua."

"Wamekuwa humu muda gani? Hawa wanaonekana wamefika mwisho wa safari yao."

"Samaki hakui kama mchicha, mwenyekiti."

"Na mimi sitaki kusema kuwa nimeacha shimo wazi kwa ajili ya vidagaa." Akanyanyua kiganja chake, kile kama koleo. "Kabla mvua mpya hazijaanza, nionyeshe samaki wa kujaa hapa. Kiganja changu, si cha Kabula."

"Ukikunja vidole au ukivinyoosha?" Mama akauliza.

Akafikiri. "Nikinyoosha, lakini bila kidole gumba."

"Bila kidole gumba," Mama akakubali, na wakaagana vizuri. Mimi kupatana bei sikujifunza sokoni.

Baada ya hapo nililisha kwa bidii. Pumba, majani ya mihogo yaliyosagwa, mabaki ya ugali, mchwa niliowachimbua kichuguuni. Kila siku niligonga bakuli, kila siku nikahesabu mara mbili. Na majibu yakaanza kupungua. Mwanzoni kidogo, ningeweza kusema nimekosea. Halafu hesabu zote mbili zikawa ndogo kuliko hesabu zote mbili za nyuma. Na waliobaki walikuwa wadogo vile vile, wepesi, na doa lao jeusi, wanarukia pumba kama hawajawahi kula.

Niliwashuku wote. Mdiria nilimrushia vipande vya tofali mpaka akahama mti. Bata wa jirani nikawashtaki kwa mwenye bata.

"Bata wangu hawali samaki," mama yule akanijibu.

"Wanakula nini?"

"Wewe mtoto, unataka nikuandikie?"

Skola alipokuja likizo nikamfanya shahidi. Akachuchumaa, akahesabu vyake, tukapata majibu manne. "Wanakufa," akatoa hukumu, maana yeye ndiye mtu wa samaki. "Wanakufa wanazama chini. Maji yenu mabaya."

Nikamwambia Mama. Alikuwa anapalilia bamia. Akaja, nikagonga bakuli, akaangalia lile kundi dogo likigombania pumba. Alilihesabu mara moja tu. Mama hakuwa mtu wa kuhesabu mara mbili. Alikuwa akiona kitu mara moja anakiamini. Akasimama pale muda kidogo, mkono kiunoni, akiangalia alama za jembe zilizokuwa zimetoka juu ya maji upande ule wa Baba. Halafu akarudi kwenye bamia.

Joto lilikuwa limeshaanza kuwa zito, yale mawingu yanayokuja mchana yakiondoka bila kutoa kitu. Baba mdogo akaja na habari kwamba tanuru lake moja limebomoka, ana kifusi cha kutosha.

"Shemeji, tulifukie," akasema. Alikuwa anaongea huku anaangalia kando. "Mimi mwenyewe nikipita hapa moyo unashtuka. Mtoto akitumbukia, tutasema nini? Kaka angetaka lifukiwe."

"Kaka yako angetaka nini, hakuniambia," Mama akasema. Akaangalia mboga zake. Kisha: "Haya. Lakini maji yasimwagwe ovyo. Jazeni mapipa, mengine yaende kwenye mboga."

Na mimi nikajua imekwisha. Bustani ingekufa kiangazi kinachofuata, na ule ukuta ungefunikwa na matofali yaliyovunjika, na hapo pangekuwa pahali pa kuanikia nguo. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kuvipanga vile vipande vyangu vya tofali vya kuhesabia, nikavipangua, nikavipanga tena. Sikulia. Nilikuwa na hasira na samaki. Nilikuwa nimewalisha, na wao wakafa bila hata kuelea.

Walianza asubuhi, Baba mdogo na vijana wake wawili, kwa ndoo. Walifunga kamba, wakatengeneza ngazi kwenye udongo, wakapokezana. Mapipa yakajaa, mabeseni yakajaa, jirani mwenye bata akaleta ya kwake na hakuna aliyemwuliza. Mwenyekiti akaja kushuhudia. Akakaa kwenye jiwe, hana furaha, kama mtu aliyeshinda kesi dhidi ya mpwa wake.

Maji yakashuka. Alama za jembe zikatokeza, mstari chini ya mstari, mbichi kabisa, kana kwamba zimechimbwa jana. Zile za chini sikuwahi kuziona. Tangu mvua zilipojaza shimo zilikuwa majini. Baba mdogo alifika sehemu fulani akasimamisha ndoo. Akaweka kiganja ukutani.

"Hapa tulishindana," akasema. "Akanishinda. Angalia, nafasi kati ya jembe na jembe." Kisha akaendelea kuchota, haraka kuliko mwanzo.

Kwenye maji yaliyobaki lile kundi la vidagaa lilikuwa linazunguka na kurukaruka, doa jeusi, doa jeusi. Nilikuwa nimesimama ukingoni na Mama. Na hapo chini ya ukuta wa Baba, pale alipochimba kwa ndani akifuata udongo mzuri mpaka ukuta ukawa kama una kibaraza, maji yakainuka. Yalijisukuma yenyewe, kama mtu aliyejigeuza chini ya shuka.

"Nyoka!" Baba mdogo akapiga kelele. Ndoo ikaenda huku, yeye akaenda kule. Alipanda ule ukuta bila ngazi, na mpaka leo hajaweza kuonyesha alivyopanda. Vijana wake walikuwa wamefika juu kabla yake.

Maji yakainuka tena. Likatoka kundi. Zito, jeusi mgongoni, linakwenda polepole kama wazee wanaotoka kanisani. Mbavuni walikuwa na ile mistari ya kusimama. Waligeuka pamoja mbele ya jua, matumbo yao yakang'aa, na mng'ao ule ukanipiga usoni kama siku ile mferejini. Katikati yao alikuwemo mmoja mrefu, mdomo wake uko chini, ambaye hakuwa gege hata kidogo na mpaka leo sijui jina lake. Alikuwa na ukubwa wao, basi, na aligeuka walipogeuka. Wale weupe wadogo walikuwa wakipita pembeni yao na hawakutazamana, kama hawajawahi kuishi ndoo moja.

"Mama," nikasema, "si wale waliokufa?"

Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamekua. Aliyekua aliacha kupanda juu kugombania pumba na wadogo, akashuka kwa wa kimo chake, kwenye kibaraza cha Baba, akala ukijani wa ukutani na chochote kilichozama. Kila nilipohesabu na kupata pungufu, chini kulikuwa na ongezeko. Mimi nilikuwa nimekaa miezi yote hiyo na bakuli, nikiwahesabu wale tu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwenyekiti alikuwa ameshavua viatu. Akakunja suruali, akashuka kwa zile ngazi za udongo, akaingia kwenye tope mpaka magotini. Alikuwa na subira. Alisubiri kundi likazunguka, akainamisha mikono yake miwili mikubwa, akainua mmoja. Akamlaza kwenye kiganja, vidole vimenyooka, kidole gumba pembeni kama walivyokubaliana. Mkia ulipita ncha za vidole.

"Huyu mmoja," akasema kutoka chini.

"Hesabu tena, mwenyekiti," Mama akamwambia.

Akamwachia. Akainua mwingine. Akamwachia. Akajaribu kuwafuata kwa kidole, wakamzunguka miguu, wa kwanza wakajifanya wageni, na mimi nikamwonea huruma kwa sababu niliijua kazi ile. Baadaye akaacha, akasimama wima kwenye tope, akicheka peke yake.

"Shimo lina kazi," akasema.

"Uliseme na wenzako wasikie."

"Shimo lina kazi! Lakini ile miba, mama, iongezwe."

"Itaongezwa."

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kifusi chake akipangusa goti lililochubuka. Mama hakuwa anaangalia samaki tena. Alikuwa anaangalia ukuta, kuanzia juu mpaka chini, mstari kwa mstari, hadi ile sehemu walikoshindana. Aliangalia kama mtu anayesoma, halafu akarudia kuanzia juu.

"Rudisheni maji," akasema.

"Shemeji!" Baba mdogo akaruka. "Tunatoa tangu asubuhi! Mengine mboga zimeshayanywa!"

"Yaliyo kwenye mapipa yarudi. Yaliyonywewa mtayachota kisimani."

"Na mabeseni ya jirani?"

"Nayo."

Jirani mwenye bata akarudisha, akinung'unika, lakini akarudisha. Vijana wakapanga mstari kutoka kisimani, Mwenyekiti akiwa katikati na miguu yake ya tope, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Maji yakapanda. Yakafunika pale waliposhindana, yakafunika mstari uliofuata, na uliofuata. Mama alisimama mpaka yakafika pale alipokuwa akichotea, ndipo akaenda kuwasha moto, maana watu wamefanya kazi na lazima wale.

Mimi nikachukua bakuli langu, nikaligonga. Wale wadogo wakaja mbio, midomo wazi, kama hakuna kilichotokea. Niliwamwagia pumba. Kisha nikazunguka ule mteremko mbaya, nikakaa upande wa ukuta wa Baba, juu ya maji yaliyotulia, bakuli mapajani, bila kuhesabu.